Wekundu si spishi: kumtambua mbu asiyeuma tangu yai hadi bawa

Picha huwa ni ileile, anayebadilika ni mtumaji tu: ndoo nyeupe, maji kidogo chini, na vijidudu vyekundu vinavyojinyonganyonga. Maelezo nayo ni yaleyale: "Minyoo ya damu imeingia kwenye matangi yetu, sambaza kwa wengine." Safari hii aliyenitumia ni mtaalamu wa maji, na chini ya picha akaongeza jina la kisayansi: Chironomus. Jenasi nzima, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, imetajwa kwa kuangalia rangi, kwenye picha ya simu. Nimeshalijibu jambo hili kwenye semina, kwenye simu na hata ndani ya daladala. Sasa naliandika.

Habari ya minyoo tuimalize haraka. Mnyoo mwekundu wa kweli yupo, yule wa jamii ya Tubifex anayekaa kwenye tope. Yeye hana kichwa kinachoonekana wala mguu; ni pingili mwanzo mwisho. Huyu wa kwenye ndoo ana kichwa kigumu cha kahawia chenye madoa ya macho, ana jozi ya vijiguu nyuma tu ya kichwa na jozi nyingine mwisho wa mwili, vyote vikiwa na kulabu. Ni lava, yaani mtoto ambaye bado hajaota mabawa, wa mdudu mwenye mabawa, wa familia ya Chironomidae. Hatoboi ngozi, hanyonyi damu, hatagi tumboni mwa mtu. Wekundu wake ni himoglobini yake mwenyewe, iliyoyeyuka kwenye majimaji ya mwili, nayo humwezesha kuishi kwenye tope lenye oksijeni kidogo.

Akishaota mabawa pia haumi. Mdomo wake ni mfupi na hauna sindano. Mabawa yake hayana magamba kama ya mbu, na akitua ukutani huinua miguu ya mbele, wakati Culex, mbu wa kawaida wa nyumbani, huinua ya nyuma. Dume ana papasi (vipapasio vya kichwani) zenye manyoya mengi, na nadhani hizo ndizo zinazowatia watu hofu. Yale mawingu yanayoonekana juu ya Ziwa Viktoria kama moshi yana wadudu hawa, lakini yamejaa pia Chaoborus, ambao ni familia nyingine kabisa. Lava wa Chaoborus ni kama kioo, ana vifuko vya hewa mbele na nyuma, naye mkubwa wake haumi.

Lakini kutouma hakumaanishi kutodhuru, na hapa sitaki kumfariji mtu kwa uongo. Kule Sudan, kando ya Mto Nile, spishi iitwayo Cladotanytarsus lewisi imewaletea watu pumu kwa miaka mingi, kwa sababu ya vumbi la miili yake na ile himoglobini. Na mwaka 2001 watafiti wa Israeli walionyesha kwamba bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, wanaweza kuishi kwenye utelezi unaofunika mayai ya wadudu hawa. Hayo yanatosha kabisa kumfanya mtu afunike tangi lake na kulisugua. Hakuna haja ya kuongeza minyoo.

Sasa nije kwenye kinachonikera hasa, yaani hilo jina.

Familia hii ina spishi zaidi ya 7,000 zilizokwisha kuelezwa. Wekundu unaonekana kwenye jenasi nyingi za kundi la Chironominae, na hata miongoni mwa Tanypodinae, wale walaji wa wenzao, wapo wenye wekundu. Halafu lava wa Chironomus mwenyewe, akitoka tu kwenye yai, hana rangi. Anaelea majini akiwa mweupe na hakuna anayemwona. Wekundu huja akishakua kidogo na kushuka kwenye tope. Kwa hiyo rangi inakuletea wasiokuwemo na kukuachia nje waliomo. Ni sawa na kumtaja mtu ukoo kwa rangi ya shati lake.

Na kuna jambo ambalo yeyote aliyewahi kushika sampuli anapaswa kulijua: ukimtia kwenye spiriti, wekundu unafifia na kuondoka. Nimewahi kupewa ripoti ya ubora wa maji iliyosema sampuli zilihifadhiwa kwenye spiriti kwa miezi, kisha jedwali likataja "lava wekundu" na "lava weupe" kama makundi mawili ya kibayolojia, na kutokana na hesabu hiyo mto ukahukumiwa kuwa mchafu. Huo ni uamuzi unaogusa maisha ya watu wanaochota maji pale. Umejengwa juu ya rangi iliyoyeyukia kwenye chupa.

Basi anatambuliwaje? Kwa kichwa. Unakikata, unakiweka kwenye potashi kali mpaka nyama iishe, unakisuuza, unakilaza chali kwenye slaidi na kukibana taratibu kwa kioo kifuniko mpaka kidevu kitazame juu. Hapo utaona bamba lenye meno, tunaloliita mentamu. Kwa Chironomus jino la katikati lina ncha tatu, na kila upande kuna meno sita. Kushoto na kulia kwake kuna mabamba mawili mapana yenye mistari myembamba. Ukikuta papasi zinazoweza kurudi ndani ya kichwa, na ulimi mgumu wenye meno badala ya mentamu ya namna hiyo, uko kwa Tanypodinae na hukupaswa kuwa kwenye ukurasa huu wa ufunguo, yaani ule mfululizo wa maswali ya kutambulia viumbe. Kisha angalia pingili ya nane ya tumbo: Chironomus wengi wana jozi mbili za virija laini vinavyoning'inia chini yake. Sehemu hii vitabu huieleza vizuri, siirefushi.

Ambacho vitabu havikisemi kwa sauti ni kwamba meno hulika. Lava aliyekula mchanga hatua nzima, yaani tangu kujivua gamba mara moja hadi nyingine, ana mentamu iliyosagika, na ile ncha tatu inakuwa kinundu kimoja. Kwenye maji yenye metali nzito meno huota vibaya, yakapungua au kuzidi. Vijirija vinavyozunguka njia ya haja hupungua urefu maji yakiwa na chumvi. Kwa hiyo baadhi ya alama tunazozipima kwa maikromita ni za maji aliyokulia, si za ukoo wake. Mimi hupendelea lava aliyetoka tu kujivua gamba na kuingia hatua ya nne, kwa maana meno yake bado ni mazima. Kujua yuko hatua gani hupimi urefu wa mwili, ambao hunyooka na kufupika. Unapima upana wa kichwa. Kichwa hakikui katikati ya hatua, kinaruka tu kila anapojivua, na ukichora vipimo vya lava wengi utaona mafungu manne.

Hata ukifanya hayo yote vizuri, mara nyingi umefika kwenye jenasi tu. Spishi nyingi za Afrika zilielezwa kwa dume mwenye mabawa. Kazi kubwa ya Paul Freeman juu ya Chironomidae wa kusini mwa Sahara, iliyotoka kati ya 1955 na 1958, imejengwa juu ya wadudu kamili, na kinachoamua ni viungo vya uzazi vya dume. Funguo za lava tunazozitumia kila siku, zile zilizohaririwa na Wiederholm mwaka 1983, zilitungwa kwa ajili ya Ulaya, Asia ya kaskazini na Amerika ya Kaskazini. Tunazitumia huku kwa kukosa nyingine, na kila ninapofika mwisho wa ufunguo huo na jina la spishi ya Ulaya mkononi, jina hilo siliandiki. Naandika jenasi, naongeza neno "aina ya", nasimama hapo. Wanafunzi wangu hulalamika kwamba inaonekana kama kazi haijaisha. Haijaisha kweli, na ni heri isomeke hivyo.

Njia ya kuimaliza ni moja: mlee. Lava mmoja, chupa moja ndogo, maji ya palepale alipotoka kimo cha vidole viwili, tope kidogo la kujengea bomba lake, pamba mdomoni mwa chupa. Usiweke wawili hata wakifanana vipi, kwa sababu wakitoka hutajua gamba lipi ni la nani. Siku akivimba kifua ujue pupa, ile hatua ya kati ya lava na mwenye mabawa, yu karibu. Pupa wa Chironomus ana kichwa kikubwa kilichoinama na mashada mawili ya nyuzi nyeupe kifuani ya kupumulia, na hakai muda mrefu. Akipanda juu ya maji mgongo unapasuka, na mdudu anatoka kwa muda mfupi sana, anasimama juu ya gamba lake mwenyewe. Hapo ndipo wengi wanaharibu: wanamuua papo hapo. Mwache siku moja mwili ukauke na rangi zikae. Ukimuua akiwa laini, viungo vya uzazi hujikunja kwenye slaidi na huwezi kuchora chochote.

Ukikamilisha, ndani ya chupa ile una vitu vitatu vya mdudu mmoja: kichwa cha lava kilichopasuka, ambacho mara nyingi hunasa kwenye mkia wa pupa, gamba la pupa, na mdudu kamili. Hiyo ndiyo maana ya kueleza hatua za maisha za spishi. Gamba la pupa peke yake ni hazina, kwa kuwa vishoroba vya miiba mgongoni hubaki vizima, tena huelea na kukusanyika kwenye povu la kando. Mtafiti August Thienemann alihimiza kuyakusanya magamba haya tangu mwaka 1910.

Akitoka jike, kazi inapungua thamani lakini haipotei. Na mara chache hutoka kiumbe mwenye viungo vya dume na papasi za jike. Kabla ya kutangaza spishi mpya, fungua tumbo. Huenda ukamkuta mnyoo wa Mermithidae ameishi humo tangu hatua ya lava na kuvuruga umbo la mwenyeji wake. Huyo ndiye mnyoo wa kweli katika habari hii, naye anamdhuru mdudu.

Je, ukimlea mpaka mwisho unakuwa na uhakika? Si kila mara. Chironomus riparius na Chironomus piger walitenganishwa kwa kusoma kromosomu kubwa za tezi za mate za lava, zile zilizoonwa na mtafiti Balbiani mwaka 1881. Kwa macho karibu ni kitu kimoja. Siku hizi watu hukimbilia DNA, nami naitumia, ila mfuatano wa herufi unalinganishwa na maktaba, na jina lililomo humo lilitolewa na mtu aliyetazama dume kwenye slaidi. Pale alipobahatisha, mashine inarudia alichobahatisha.

Tazama Polypedilum vanderplanki, wa familia hiihii, ambaye mtafiti Hinton alimweleza mwaka 1951 kutoka kwenye vidimbwi vya miambani Nigeria. Lava wake hukauka mpaka maji mwilini yabaki kama asilimia 3, na waliokaa hivyo miaka 17 walifufuka. Mwaka 2017 ndugu yake wa Malawi mwenye uwezo uleule alitengwa kuwa spishi ya pekee, Polypedilum pembai. Wasomaji wakisikia habari hii huniuliza kama basi kukausha tangi ni kazi bure. La hasha. Anayeweza hayo ni lava tu. Yai, pupa na mwenye mabawa hufa. Tena lazima akauke polepole, na makazi yake ni vidimbwi vya mwambani. Hawa wa tangini kwako ukiwaanika juani wanakufa wote.

Kwa hiyo msinitumie picha ya ndoo. Chukueni lava kumi, watano muwalee kama nilivyoeleza, watano muwatie kwenye spiriti ya asilimia 80, na mbadilishe spiriti hiyo kesho yake kwa sababu miili yao huipunguza nguvu. Andikeni kwa penseli, si kalamu ya wino, karatasi iingie ndani ya chupa: mahali, tarehe, kina cha maji, tope au jiwe. Na rangi iandikwe pia, siku ileile mnapowatoa, kabla haijapotea.