Kaka la Yai na Pengo la Taya

Mgonjwa tuliyemtengenezea taya upya mara nyingi hurudi kliniki akichechemea. Taya limepona, anatafuna vizuri, ila nyonga ndiyo inayomuuma. Ndugu waliomsindikiza hushangaa: taya na mguu vina uhusiano gani? Uhusiano ni kwamba mfupa wa kuziba pengo la taya tuliuchukua nyongani.

Wengi wa wagonjwa hao walikuwa na ameloblastoma, uvimbe unaokua polepole na kuula mfupa wa taya. Kwa kawaida hausambai mwilini kama saratani, lakini usipokatwa wote hurudi, kwa hiyo tunaukata pamoja na sehemu ya taya. Mfupa wa mgonjwa mwenyewe bado ndio mbadala bora kuliko vyote, kwa kuwa una chembe hai na mwili hauukatai. Gharama yake ni kidonda cha pili, na nyonga nayo ina kiasi chake cha kutoa.

Ndiyo maana sisi wa upasuaji wa kinywa, taya na uso tunazitazama kwa hamu taka ambazo wengine huzifagia. Takriban theluthi mbili ya uzito wa mfupa ni madini, hasa hidroksiapatiti, yaani muungano wa kalsiamu na fosfeti. Sehemu kubwa ya kinachobaki ni nyuzi za kolajeni. Mifupa ya ng'ombe inayorundikana machinjioni ina madini hayohayo: ikishaondolewa mafuta na protini zote, hubaki punje nyeupe ambazo madaktari wa meno duniani wamezitumia kwa miaka mingi kujazia taya. Kaka la yai nalo ni kalsiamu kaboneti kwa zaidi ya asilimia 90. Linachokosa ni fosfeti.

Hatua ya kwanza ya kuligeuza liwe madini ya mfupa, watu wa pwani wanaijua tangu enzi za Kilwa. Mchoma chokaa aliyepanga matumbawe juu ya magogo alikuwa akifukuza kaboni dioksidi ili ibaki chokaa. Maabara hufanya vivyo hivyo kwa kaka la yai: huoshwa, ule utando wa ndani ukabanduliwa, kisha likaingizwa kwenye tanuri la umeme lenye joto la nyuzi 900 hivi. Kila gramu 100 za kalsiamu kaboneti hubakiza gramu 56 za chokaa. Chokaa hiyo huchanganywa na fosfeti kwa vipimo makini mpaka ipatikane hidroksiapatiti. Trei moja ya mayai 30 huacha zaidi ya gramu 150 za makaka, na muuza chipsi mayai humaliza trei kadhaa kwa siku.

Ila kemia peke yake haitoshi, kwa sababu mfupa unahitaji pa kupita. Mishipa ya damu na chembe zinazojenga mfupa huingia kwenye vitundu na kujishikiza humo, kama fundi anavyopanda jukwaa la miti. Hapo ndipo bahari inapotushinda sote kwa ufundi. Mwaka 1974 mtafiti Della Roy na mwenzake Linnehan walionyesha kwamba matumbawe yanaweza kugeuzwa hidroksiapatiti kwa joto na mgandamizo wa maji bila kuharibu vitundu vyake. Lakini tumbawe hai si taka, ni nyumba ya samaki, na sitaki kuona mwamba unabomolewa kwa ajili ya taya.

Mimi nampenda dome, ndugu yake ngisi. Ule mfupa wake mweupe, unaookotwa ufukweni na kutundikwa kwenye vizimba vya ndege, ukate kwa wembe uutazame kwa lenzi: utaona sakafu nyembamba zimepangana ghorofa juu ya ghorofa, zikishikiliwa na vijiguzo vidogo sana. Zaidi ya asilimia 90 ya ujazo wake ni nafasi tupu. Nao hugeuzwa kwa njia ileile ya matumbawe, ghorofa zake zikabaki.

Udhaifu wa vitu hivi vyote ni kwamba ni vikavu na hupasuka vikielemewa. Hufaa mashimo madogo, kama pale jino lilipong'olewa au uvimbe-maji ulipotolewa, na India madaktari wameujaribu unga wa kaka la yai kwa wagonjwa wa namna hiyo. Pengo la nusu taya bado linataka bamba la titani na mfupa hai.

Nawasihi pia: msisage makaka nyumbani mkapaka kwenye kidonda au mvunjiko. Kaka bichi huweza kuwa na bakteria wa salmonela, na kidudu kikishaingia kwenye mfupa, kukitoa ni kazi ya miezi.

Jambo moja wagonjwa huona haya kuliuliza. Baadhi ya punje zinazouzwa zimetokana na ng'ombe, nyingine na nguruwe, nyingine zimetengenezwa kiwandani bila mnyama yeyote. Kama imani yako inakataza mojawapo, mwambie daktari siku ya kupanga upasuaji, naye akuonyeshe maandishi ya kwenye pakiti. Wakati huo bado tunaweza kubadilisha.