Nyuzi zisiposhika, plastiki haipati nguvu

Sampuli ya plastiki iliyochanganywa na nyuzi ikivunjika maabara, kabla sijasoma namba za mashine ya kuvuta huwa nautazama kwanza mpasuko kwa lenzi. Nikiona nyuzi za mkonge zimechomoza safi, bila chembe ya plastiki iliyogandia, na pembeni vitundu zilimochomoka nyingine, basi jibu ninalo tayari. Nyuzi zilikuwemo ndani, ila hazikubeba mzigo. Zilichukua nafasi tu.

Nimeshaona kazi nyingi nzuri zikikwama hapo. Mtu ana plastiki iliyorejelewa, ana unga wa matairi, anaongeza nyuzi akitarajia zifanye kazi ya nondo kwenye zege. Lakini vitu hivi vitatu havipatani kwa asili. Polithini na polipropilini zina tabia ya nta, huyakataa maji. Uzi wa mmea umejengwa kwa selulosi, nayo huyapenda maji. Mpira wa tairi ndio mgumu zaidi: tangu Charles Goodyear alipopata hataza yake mwaka 1844, mpira hupikwa kwa salfa, na salfa hiyo hufunga minyororo yake ya molekuli kiasi kwamba hauyeyuki tena. Punje zake huingia kwenye plastiki zikiwa nzima na kubaki nzima.

Kwa nini basi tuvichanganye? Kwa sababu punje za mpira, zikiwa ndogo na zimeshikwa vizuri, husaidia plastiki kuhimili kishindo. Mimi hupendelea zilizo chini ya nusu milimita. Kubwa zaidi ya hapo mara nyingi huwa ndipo ufa unapoanzia. Gharama yake ni kwamba bidhaa inalegea. Nyuzi huletwa kurudisha ule ukakamavu uliopotea.

Hesabu moja naipenda sana, ya watafiti Kelly na Tyson ya mwaka 1965. Ili uzi ubebe mzigo wake wote, urefu wake usipungue nguvu ya uzi ukizidisha kwa kipenyo, kisha ugawe kwa mara mbili ya mshiko kati yake na plastiki. Chukua uzi wa mkonge wenye nguvu ya megapaskali 500 (kipimo cha nguvu kwa eneo) na kipenyo cha milimita 0.2. Mshiko ukiwa megapaskali 5, unahitaji uzi wa milimita 10. Lakini parafujo za mashine ya kuyeyushia hukatakata nyuzi hadi milimita chache, pengine chini ya moja, hata ungeziingiza zikiwa na urefu wa kidole. Ukiongeza mshiko mara mbili, urefu unaohitajika unashuka hadi milimita 5. Ndiyo maana nguvu zangu naziweka kwenye mshiko.

Kwanza nalowesha nyuzi saa chache kwenye maji yenye soda kali, karibu asilimia 5. Nta na sehemu ya lignini, ile gundi ya asili ya mmea, hutoka, uso unakwaruza, na fungu la nyuzi hujigawa kuwa membamba, jambo linalosaidia hesabu ileile kwa sababu kipenyo kimepungua. Ukizidisha ukali, unaila selulosi yenyewe. Baada ya kusuuza hadi soda iishe, nakausha mpaka uzito usibadilike tena, maana unyevu uliobaki hugeuka mvuke ndani ya plastiki moto na kuacha mapovu.

Kisha naongeza kiunganishi: polipropilini iliyopandikizwa maleiki anhidridi, asilimia 2 hadi 5. Upande mmoja hushikana na selulosi, mkia wake hujisokota na plastiki. Kama plastiki yako ni polithini, tafuta kiunganishi cha polithini.

Mpira haufaidiki sana na dawa hiyo. Kwake hutumika peroksidi, ambayo hujenga daraja kati yake na polithini. Tafadhali usiihamishie kwenye polipropilini bila kufikiri: huko hukata minyororo, na mchanganyiko unazidi kudhoofika.

Joto nalo lina mipaka. Polipropilini huyeyuka karibu digrii 165 za Selsiasi, na selulosi huanza kuharibika kuanzia kama 200. Unafanya kazi katika upenyo huo mwembamba. Chupa za PET, zinazoyeyuka karibu 250, haziwezi kubeba nyuzi za mimea kwa njia hii.

Vijazo vya unga, kama talki na kalisi kaboneti, huongeza ukakamavu na kupunguza kusinyaa, lakini chembe ya unga haiwezi kuvuta mzigo kama uzi. Majivu ya pumba za mpunga yana silika nyingi na yanafaa. Tahadhari yangu ni kwamba hula parafujo.

Ukiletewa matokeo ya sampuli kavu, omba pia ya sampuli zilizokaa majini wiki kadhaa. Uzi ukinywa maji huvimba, ukikauka husinyaa, na mshiko dhaifu huachia papo hapo. Mimi bidhaa ya nje ya nyumba siipitishi kabla sijaziona namba hizo.