Eti "remasta imeharibu muziki": mambo ninayosikia kila nikifunga gemu za zamani

Mi kazi yangu ni kufunga PC na spika hapa Dodoma, wateja wangu wengi ni wanafunzi wa UDOM na watumishi waliohamia huku na serikali, hasa wale wa rika la kucheza gemu ya vita ya Red Alert enzi hizo. Sasa nikishamuwekea mtu ile Command & Conquer Remastered Collection, yaani Red Alert na mwenzake wa kwanza zilizotolewa upya 2020, misheni ya kwanza hata haijaisha utasikia "we kijana, hawa wameharibu muziki bana, niwekee orijino". Aisee nimechoka kueleza kwa mdomo, acha niandike.

DHANA: Remasta maana yake nyimbo zimepigwa upya, ndo maana ladha imepotea.

Hapana hapana hapana. Remasta unarudi kwenye ile rekodi ya mwanzo kabisa aliyoitoa mtunzi, unaisafisha, unapanga besi na sauti kali zikae sawa, halafu unaitoa kwa ubora ambao zamani haukuwa na pa kukaa. Mpigaji ni yule yule, gitaa ni lile lile, hata alipochelewa kidogo bado amechelewa pale pale. Chukua mkanda wa marehemu Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wetu wa Kigogo, ukautoa kelele, bado unamsikia yeye na zeze lake, ila ukimkalisha kijana mwingine azipige zile nyimbo upya hiyo ni kazi nyingine, hata kama kijana mwenyewe ni moto.

Kinachowachanganya watu ni kwamba kwenye hiyo gemu ya 2020 vyote viwili vimo. Frank Klepacki, yule yule aliyetunga tangu enzi za Westwood, studio iliyotengeneza gemu hizo, alizifanyia remasta nyimbo zake za gemu ya kwanza ya 1995 na za Red Alert ya 1996, EA wenyewe, kampuni iliyoitoa, wanatangaza ni zaidi ya masaa 7 ya muziki, na juu ya hapo akaungana na bendi inaitwa The Tiberian Sons wakarekodi nyimbo 20 upya kwa magitaa na dramu za kupigwa kwa mkono. Sasa mtu anakutana na Hell March, ule wimbo maarufu wa Red Alert, uliopigwa na bendi, anasikia dramu zimekaa tofauti na alivyozoea, basi anatupa yote. Mzee wangu, humo ndani kuna jukiboksi, nyimbo zimeorodheshwa, za bendi kivyake, unachagua unayoitaka na unajitengenezea plelisti yako. Za bendi hutaki? Zitoe! Dakika mbili hazifiki, ila watu wako radhi walalamike mwaka mzima kuliko kufungua menyu.

Na hiyo orijino unayoililia, unajua ilikuwaje? Kwenye CD ya 1995 muziki wa ndani ya gemu ulikuwa mono (chaneli moja tu ya sauti), umekandamizwa, kwenye kHz 22, yaani sauti inapimwa mara elfu 22 hivi kwa sekunde. Hesabu yake ni kwamba faili ya hivyo haibebi sauti yoyote iliyozidi kHz 11 hivi, yaani nusu yake, kwa hiyo ule mlio wa juu wa matoazi na mkwaruzo mkali wa gitaa vyote vilikatwa kabla hujabonyeza kitu. Wala sio kwamba Klepacki alitaka hivyo, CD moja ilikuwa inabeba MB 650 tu na humo humo kuna zile video za makamanda wanakufokea, muziki ukabaniwa. Kwa hiyo wewe ulichokizoea ni faili lililobanwa. Kama unalipenda kwa sababu linakukumbusha ujana wako sema tu hivyo, hapo sina ugomvi na wewe, lakini usiniambie ndo lina ubora.

DHANA: Toleo hili linasikika vizuri kuliko lile, nimelinganisha mwenyewe.

Umelinganisha kwa sabufa, besi imefunguliwa mpaka mwisho, nje bodaboda zinapita. Sikio la binadamu likisikia kitu chenye sauti kubwa kidogo linakiona bora, na remasta nyingi zimepandishwa sauti, sasa hapo umelinganisha nini? Sawazisha sauti kwanza zilingane, vaa hedfoni za waya (za waya nimesema), mwambie mtu mwingine abadilishe nyimbo wewe usione. Wakorofi wengi huwa wanakuwa wapole hapo.

DHANA: Age of Empires II mpya nayo ni remasta tu.

Hii ndo kinyume chake. Hiyo mpya, yaani Definitive Edition ya 2019, muziki wake umepangwa na kurekodiwa upya, kazi ya Todd Masten, sio ule wa 1999 uliosafishwa. Ukisema hapa ladha imebadilika nakuunga mkono mia kwa mia, mi mwenyewe nabaki na wa zamani.

DHANA: Orijino ni moja tu.

Gemu ya Dune II ya 1992 uliyoisikia kwa kadi ya sauti ya AdLib na aliyoisikia mwenye Roland MT-32, kifaa cha sauti cha nje ya kompyuta, zinatofautiana kabisa, na zote ni orijino. Muziki wa namna ile ni maelekezo tu, piga noti hii sasa hivi, sauti inatoka kwenye kadi au kifaa chako. Kwa hiyo mkibishana nani aliisikia ya ukweli kwanza ulizaneni mlikuwa na kadi au kifaa gani.

Mwisho kuna wale wanaoniletea flashi imejaa nyimbo za YouTube za MP3, wanataka niwageuzie ziwe FLAC, aina ya faili inayotunza sauti bila kukata kitu, "ziwe za studio". Kilichokatwa kwenye MP3 hakirudi, faili linanenepa tu na flashi inajaa. Ila ukikazania nitakugeuzia, na hela yako nitaichukua bila aibu.