Hondohondo hamfungii mkewe: yasemwayo kuhusu viota, na yatokeayo kweli

Msikilize mtu akisimulia habari za ndege, na mara nyingi utasikia habari za nyumba ya jirani: mume mwenye wivu, mke mvivu, mama asiye na huruma. Kesi zetu tunawabambikia ndege. Anayeonewa kuliko wote ni hondohondo.

"Hondohondo dume humfungia jike ndani ya mti kwa wivu"

Kufungwa kupo kweli, ila mfungaji si dume. Jike huingia mwenyewe kwenye tundu la mti, kisha huuziba mlango akiwa ndani, kwa udongo, kinyesi chake na mabaki ya chakula, akipigapiga kwa ubavu wa mdomo hadi ubaki ufa mwembamba tu wa kupokelea chakula. Huko Amani, katika milima ya Usambara, mtafiti wa ndege Reginald Moreau na mkewe Winifred walichunguza jambo hili miaka ya 1930 kwa hondohondo mkubwa wa msituni, yule ambaye dume lake lina pembe ya rangi ya maziwa juu ya mdomo. Dume humeza udongo, hurudi nao mtini, huutapika kwa vidonge vyenye unyevu na kumkabidhi jike apige lipu. Baada ya hapo humlisha yeye na kinda kwa matunda aliyobeba kooni, akiyacheua moja moja, kwa muda unaokaribia miezi minne. Tukitaka kumhurumia mtu hapo, mimi ningeanza na huyu baba.

Ukuta una kazi yake. Huwazuia wala mayai, na huwazuia pia hondohondo wengine, maana matundu makubwa mtini ni haba na yanagombewa. Kwa hondohondo wadogo wa nyika, jike hupukutisha manyoya yote ya mabawa na mkia akiwa humo ndani, kwa hiyo kwa wiki kadhaa hawezi kuruka hata mlango ukibomolewa. Makinda wakishakua kiasi, jike huuvunja ukuta na kutoka ili asaidie kulisha. Makinda wanaobaki huuziba upya kutoka ndani, na hakuna aliyewafundisha. Mumbi, yule mkubwa anayetembea ardhini, hazibi mlango kabisa.

"Kujenga kiota ni kazi ya jike"

Simama chini ya mti wa kwera, wale ndege wa manjano ambao wengine huwaita minana. Fundi ni dume. Hurarua ukanda mrefu wa jani la nyasi au mnazi, hufunga pete kwenye kitawi, kisha husimama ndani ya pete hiyo na kufuma chumba cha mayai mbele yake na mlango nyuma yake. Akimaliza, hujining'iniza kichwa chini mlangoni, akipiga mabawa na kelele. Jike huja, huingia, huvutavuta nyuzi kwa mdomo, na mara nyingi huenda zake bila kurudi.

Kiota kibichi kina soko. Kikishakauka na kuwa cha kahawia majike hukipita tu, na dume hukifumua mwenyewe na kuanza kingine palepale. Kwa hiyo viota vingi unavyovikuta vimeanguka chini ya mti, ambavyo watu husema vimeangushwa na upepo, vimeangushwa na mwenyewe. Jike akikubali, ndipo hutandika ndani nyasi laini na manyoya, na dume huanza kufuma kiota cha jike mwingine.

"Ndege hajui yai lake"

Wengine hawajui. Kwera anajua, na amejifunza kwa shida, kwa sababu kekeo, ndege asiyejenga kiota chake, huviziavizia viota vyake ili atage humo na kumwachia ulezi. Mayai ya kila jike wa kwera yana rangi na madoa yake: meupe, ya buluu, ya kijani, yenye vidoa au yasiyo navyo. Lisilofanana na mengine hutupwa nje. Kwera hawa waliwahi kupelekwa Mauritius na kisiwa cha Hispaniola huko Karibi, ambako kekeo huyo hayupo. Mwaka 2005 mtafiti David Lahti alionyesha kuwa huko mayai ya mama mmoja hayafanani tena sana kama ya Afrika, na tofauti kati ya mama na mama imepungua.

"Mbuni hutelekeza mayai yake"

Lawama hii ni ya kale. Imo hata katika Ayubu sura ya 39. Majike kadhaa hutaga katika kiota kimoja, ambacho ni shimo la kina kifupi tu ardhini, lakini anayeatamia ni jike mkuu mmoja, mchana, akiwa na rangi ya vumbi. Usiku ni zamu ya dume mweusi. Wawili hao hufunika mayai kama 20 tu. Brian Bertram, aliyewachunguza mbuni wa Tsavo Magharibi, aliona kwamba yakizidi, jike mkuu huyasukuma nje ya wenzake na kuyabakiza yake. Hayo ya nje ndiyo mpita njia huyaona yamezagaa juani akamlaumu mama.

"Mbayuwayu wa Ulaya huja kwetu kuzaliana"

Huja kula. Hutaga huko kaskazini, majira ya joto. Wanaofinyanga viota vya tope kwenye varanda zetu ni jamaa zao wa hapahapa.

"Ukimgusa kinda, mama yake atanusa mkono wa mtu na kumkataa"

Ndege wapo wenye pua kali, lakini mzazi hamtupi mtoto kwa harufu ya mkono. Anachokimbia ni kusumbuliwa mara kwa mara, hasa anapojenga au siku za mwanzo za kuatamia. Kinda asiye na manyoya akianguka, mrudishe kiotani na uondoke upesi. Mwenye manyoya anayerukaruka chini hajaanguka wala hajatupwa: anajifunza kuruka, na wazazi wako karibu wakisubiri uondoke. Kama kuna paka, mweke juu ya tawi, umfungie paka ndani.