Je, wajua kwa nini wimbo wa polepole wa Kiayalandi huwashinda hata wapigaji wenye vidole vyepesi?

Mpigaji filimbi anayemudu jigi na rili, yaani muziki wa Ayalandi wa kuchezea, aghalabu hukwama akipewa wimbo wa polepole kama "Róisín Dubh". Noti zenyewe si ngumu. Kinachomtatiza ni kwamba hakuna mapigo ya kuhesabu.

Nyingi za tuni hizi ni nyimbo za kuimbwa kwa Kiayalandi, kwa mtindo wa sean-nós: mwimbaji mmoja, bila ala yoyote. Urefu wa noti hufuata maneno. Silabi nzito huvutwa, nyepesi hupitwa upesi, na mwisho wa mstari mwimbaji hutua kadiri apendavyo. Aliyewahi kusikia utenzi ukighaniwa anaijua hali hiyo. Ubeti wa pili nao hautoki sawasawa na wa kwanza, kwa sababu maneno yake ni mengine.

Sasa mchapishaji wa kitabu cha noti atafanyaje? Huandika robo tatu, yaani mapigo matatu kwa kila kipimo, basi. Msomaji naye anahesabu moja, mbili, tatu, na kinachotoka ni walzi, dansi ya mapigo matatu, iliyochoka. Kwa maoni yangu, kitabu kifunguliwe mwisho kabisa, cha kukumbushia tu. Kwanza msikilize mwimbaji, ukariri walau ubeti mmoja hata kama lugha huijui, uuimbe, ndipo ushike filimbi. Utajua pa kuvuta pumzi: mwisho wa mstari, kamwe si katikati ya neno.

Mapambo yaje baadaye, tena kwa uchache. Katika filimbi ya bati yenye matundu sita, kidole huinuliwa na kurudishwa kufumba na kufumbua, noti ikakatika kidogo. Au huondolewa taratibu kwenye tundu ili sauti ipande kwa kuteleza. Wanafunzi hupenda kurundika mapambo kila mahali, na wimbo wenyewe hausikiki tena.

Wapigaji wa uilleann pipes, zumari la mfuko unaojazwa hewa kwa mvukuto wa kiwikoni, wana shida nyingine: zumari lao haliishiwi pumzi. Kituo lazima wakitafute wenyewe, kwa kuziba matundu yote na kukandamiza ncha ya bomba juu ya paja. Séamus Ennis, bingwa wa zumari hilo, alikuwa na bahati ya kuyajua maneno pia. Kuanzia 1942 aliajiriwa na Tume ya Fasihi Simulizi ya Ayalandi kukusanya nyimbo, na huko Conamara, magharibi mwa nchi, alipata zaidi ya 200 kutoka kwa mtu mmoja tu, Colm Ó Caodháin wa Glinsce.

Kwa kuwa hakuna mapigo ya kuhesabu, wanamuziki wakikutana baa, rili hupigwa na wote, lakini wimbo wa polepole huachiwa mmoja. Wawili wakitaka kuupiga pamoja, mmoja hana budi kumfuata mwenzake noti kwa noti.