Kumsoma mtoto WhatsApp kwa siri hakumlindi

Ombi hili halikomi: "Nitilie ile programu ya kuniletea meseji zake zote, lakini asijue." Laja kutoka Nyali na laja kutoka Likoni, hapa Mombasa, kwa baba mwenye duka na kwa mama anayeamka alfajiri kukaanga mahamri, na nyuma yake ni imani ile ile, kwamba mzazi akishaona kila kitu, mtoto yuko salama. Kazi yangu ni usalama wa mitandao, na wengi wanaonijia siku hizi ni wazazi. Imani hiyo imenichosha, kwa sababu nimeona watoto ilivyowaacha peke yao saa ile ile waliyohitaji mtu mzima.

Upande wa ufundi niumalize upesi. Meseji za WhatsApp hufungwa kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji, na hapo katikati hazisomeki, hata kwa kampuni yenyewe. Anayekuambia "nipe nambari yake tu, utaona kila kitu" anakutapeli. Zimebaki njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuishika simu ya mtoto na kuiunganisha na yako kwa kuskani ule msimbo wa QR, na siku atakapofungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa atakuona umekaa pale. Ya pili ni kuingiza programu inayonakili kila anachoandika na kila picha, kisha ikavipeleka kwenye seva, yaani kompyuta ya kuhifadhi data, ya watu usiowajua.

Kwenye seva hiyo nisimame kidogo, maana wazazi hawaniulizi kuihusu kamwe. Mei 2018 iligunduliwa kwamba TeenSafe, programu ya Marekani iliyouzwa kwa wazazi kama ulinzi wa vijana, iliacha seva zake bila kinga, na ndani mlikuwa na nywila za Apple za watoto zilizoandikwa wazi wazi. Tena, ili ifanye kazi, ilimtaka mzazi azime uthibitisho wa hatua mbili, ile kinga ya kuomba msimbo wa pili baada ya nywila, kwenye akaunti ya mtoto. Mwaka huo huo Family Orbit, programu nyingine ya wazazi, iliacha takriban gigabaiti 281 za picha na video za watoto zikiwa karibu wazi. mSpy, nayo ya kupeleleza simu, ilivuja 2015, ikavuja 2018, ikavuja tena 2024. Septemba 2021 tume ya Marekani inayolinda wateja, FTC, iliipiga marufuku SpyFone isifanye tena biashara ya kupeleleza simu. Mama anahofia picha za bintiye zisifike kwa watu wabaya, kisha anazituma zote mwenyewe, kila siku, kwa kampuni asiyoijua hata iko nchi gani. Na nyingi ya programu hizi hazipatikani Play Store. Kuziingiza lazima kwanza uzime Play Protect, yaani uiondoe kinga iliyokuwa ikizuia programu hatari nyingine zote.

Haya, tuseme hakikuvuja kitu, na kila usiku baada ya isha unasoma. Utasoma nini? Kijana wa miaka 15 yuko kwenye kundi la darasa, la mpira, la madrasa, la binamu. Ni meseji juu ya meseji, nusu ni Sheng' na stika, nyingine ni sauti. Mzazi husoma kwa bidii siku chache, kisha anachoka, au jicho linatua kwenye kitu kisicho na hatari. Msichana amemwandikia mwanafunzi mwenzake "nakumiss sana." Nyumba inawaka moto, simu inanyang'anywa, shangazi wote wanapigiwa.

Wakati huo, meseji ya kuogopwa imepita hapo hapo na mzazi ameisoma bila kushtuka, kwa kuwa ina adabu. "Umekula?" "Mtihani ulikuwaje?" "Mama bado hajarudi kutoka kazini?" "Nimekutumia bando, usimwambie mtu, atafikiria vibaya." Mtu mzima anayemwinda mtoto haanzi na matusi. Anaanza kwa kumsikiliza, tena mara nyingi anamsikiliza kuliko sisi. Anapima nani yuko nyumbani na saa ngapi, anatoa zawadi ndogo, anaomba siri ndogo, kisha anasema wahamie programu nyingine. Utafiti wa Disrupting Harm uliofanywa hapa Kenya na ECPAT, mtandao wa kupinga unyonyaji wa watoto kingono, pamoja na INTERPOL na UNICEF, ambao ripoti yake ilitoka 2021, ulionyesha kwamba mara nyingi mkosaji ni mtu ambaye mtoto alimjua kabla. Kwa hiyo nambari yenyewe huenda imeandikwa "Coach" au "Anko," na hata wewe unayo kwenye simu yako.

Sasa nije kwa wavulana, ambao wazazi wa hapa hawawahofii hata kidogo. "Huyu ni mwanamume, atajijua." Huyu ndiye anayelengwa zaidi na vitisho vya picha kwa ajili ya pesa. Akaunti yenye picha ya msichana mrembo inamfuata Instagram, mazungumzo yanapamba moto, "msichana" anatuma picha yake ya utupu na kuomba ya kijana. Akishatuma tu, sauti inabadilika. Anarushiwa picha ya orodha ya wafuasi wake: binamu, mwalimu, imamu wa mtaani, dadake. Lipa sasa, la sivyo wote wanaipata. Mara nyingi mambo haya hutimia kwa saa chache, kabla mzazi hajamaliza zamu. Julai 2024 Meta, kampuni yenye Instagram, ilitangaza kwamba imeondoa takriban akaunti 63,000 za Instagram nchini Nigeria zilizohusika na vitisho vya aina hii. Ni biashara yenye maandishi ya kunakili na mafunzo kwa wanaoanza.

Hapa ndipo naomba mzazi anisikilize, hata akiacha mengine yote. Anayemtisha mtoto hivi kwa pesa hana nguvu ya kumgusa. Yuko mbali, hana bunduki wala mlango wa kuingilia. Alicho nacho ni hofu ya mtoto kwako. "Nitamtumia mamako" ndiyo sentensi inayofanya kazi yote. Mtoto anayeamini kwamba mamake akijua dunia imekwisha, atalipa. Ataiba kwenye M-Pesa ya nyumbani, ataomba marafiki, atatuma picha zaidi, na wengine, kama ilivyotokea nchi kadhaa, wamejiua. Mtoto anayejua kwamba babake atakasirika lakini atakaa upande wake huja mlangoni saa ile ile na kusema, "Baba, kuna jambo." Wote wawili wamekosea kwa namna moja, na kinachowatenga ni kile walichokwisha kukiona nyumbani siku za makosa madogo. Yule msichana wa "nakumiss" amejifunza nini kuhusu wewe? Siku ya hatari ya kweli, atakuja?

Na ukisoma kwa siri umejifunga mwenyewe. Umeona jambo. Ukilisema, amejua unampeleleza, na kesho ana akaunti ya pili, au simu ya rafiki, au amefunga mazungumzo kwa ile kufuli ya WhatsApp iliyokuja 2023. Usiposema, umekaa na habari huku mtoto anaumia. Nimewaona wazazi wakitunga hadithi, eti nimeota, eti jirani kaniambia. Watoto hawadanganyiki.

Simaanishi umwachie. Mtoto wa miaka 11 aliyepewa simu ya kwanza asimamiwe, na aambiwe anasimamiwa. Family Link ya Google itakuonyesha programu anazotumia na muda wake, itakuwezesha kukataa programu mpya, lakini haitakusomea meseji, na mimi naona ni sawa iwe hivyo. TikTok inakuruhusu kuunganisha akaunti yako na yake, na haimruhusu aliye chini ya miaka 16 kupokea meseji za faragha. Ila mambo haya yote yanategemea tarehe ya kuzaliwa aliyoiandika. Watoto wengi walijisajili wakiwa darasa la nne na wakajiandika watu wazima, kwa hiyo programu inamlinda kama mtu wa miaka thelathini. Anza hapo. Kisha WhatsApp, weka kwamba ni watu anaowajua tu wanaoweza kumwingiza kwenye kundi, na simu za nambari ngeni zinyamazishwe. Usiku simu zote zichajiwe sebuleni, yako pia. Kadiri anavyokua unalegeza, naye ajue kwa nini.

Kuna mahali ambapo sina uhakika. Mtoto akipotea, au ukikuta dalili kwamba anataka kujidhuru, fungua simu, soma kila kitu, utaomba radhi baadaye. Lakini kati ya hapo na siku ya kawaida kuna eneo pana: amenyamaza ghafla, halali, ana viatu ambavyo hukumnunulia. Nimeshawashauri wazazi wawili wenye hali karibu sawa mambo tofauti, na mpaka leo nayapima. Kisha kuna mama aliye Riyadh au Doha, anafanya kazi za nyumba za watu, mwanawe yuko Kisauni na bibi ambaye hasomi simu. Nikimwambia "kaa naye mzungumze," namwambia nini? Programu ya siri anaiona ndiyo mkono wake pekee. Ninachomwomba ni atafute mtu mzima mmoja aliye karibu, mjomba au mwalimu, na amwambie mtoto waziwazi: ukikwama usiku, nenda kwa huyu, na mimi sitakukasirikia kwa kwenda kwake. Kwa baadhi imesaidia. Kama inatosha, siwezi kuapa.

Na kama vitisho vimeshaanza, usilipe, maana anayelipwa hurudi. Usimpige mtoto. Usifute mazungumzo, kwa sababu jina la akaunti, nambari na meseji ya M-Pesa ndio ushahidi, kisha iripoti akaunti ya anayetisha na uizuie. Picha yenyewe usimtumie mtu yeyote, hata kwenye kundi la familia kuuliza "huyu ni nani?" Kusambaza picha ya utupu ya mtoto ni kosa chini ya sheria ya Kenya ya uhalifu wa mitandao ya 2018, na sheria haisemi isipokuwa shangazi. Nenda na simu yenyewe kwenye dawati la jinsia na watoto kituoni, au kitengo cha kulinda watoto cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Ukiwa hujui pa kuanzia piga 116, nambari ya msaada kwa watoto, ni bure, usiku na mchana, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Kuna pia huduma ya Take It Down, iliyoanzishwa Februari 2023 kwa walio chini ya miaka 18. Inatengeneza alama ya kuitambulisha picha hapo hapo kwenye simu yako bila picha kutoka, na mitandao iliyojiunga nayo, ikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, inaizuia picha hiyo. Ndani ya meseji za WhatsApp haifiki, kwa hiyo itumie siku hiyo hiyo, kabla picha haijasambaa.