Lori la "Duel" halina jini

Filamu hii ya Steven Spielberg, ya David Mann, mwenye gari dogo anayewindwa barabarani na lori la tenka, husimuliwa zaidi ya inavyotazamwa, na kila msimulizi huongeza lake.

"Lori linajiendesha lenyewe." Dereva yumo: ni Carey Loftin, mzoefu wa kuendesha magari kwenye matukio ya hatari ya filamu. Kituoni unaona buti zake akizunguka kukagua gari. Barabarani mkono unatoka dirishani, unampungia David Mann apite. Mann anachomoza kulipita lori, nusura avaane na gari linalokuja. Jini hana haja ya kupunga mkono. Kilichofichwa ni sura tu.

"Ilitengenezwa kwa ajili ya sinema." Ni ya televisheni. ABC, kituo cha televisheni cha Marekani, iliirusha tarehe 13 Novemba 1971, dakika 74, baada ya kupigwa picha kwa takribani siku 13 huko California. Ilipopelekwa kwenye majumba ya sinema Ulaya ikarefushwa hadi dakika 90. Basi la shule, kivuko cha reli, simu kwa mke: zote nyongeza. Ile simu, kwa maoni yangu, wangeiacha nje.

"Namba za magari kwenye bampa ni hesabu ya waliouawa." Spielberg alitaka tuhisi hivyo, sawa. Ila dereva wa masafa wa Marekani enzi zile asingeshtuka: lori la kuvuka majimbo lilibeba namba za majimbo kadhaa. Lori hilo, Peterbilt ya 1955, na uchafu wake wote, ni gari la kazi lililochoka.

"Lori ndilo lililokaribia kummaliza Mann." Nusu ya balaa ilikuwa chini ya boneti yake mwenyewe. Mapema kabisa, mhudumu wa kituo cha mafuta anamwambia mpira wa rejeta umechoka, ubadilishwe. Mann anaona anauziwa tu. Baadaye, katikati ya mlima, mpira unapasuka. Mvuke unafumka, mshale wa joto umepanda, gari lake, Plymouth Valiant, linajikokota kama mgonjwa, na nyuma lori linakuja. Fundi yeyote wa gereji atacheka hapo, kisha atasikitika.

"Mwishoni tenka linalipuka." Limeandikwa kabisa kwamba mzigo wake unashika moto, na wakubwa wa ABC walitaka mlipuko. Spielberg akagoma. Lori linaporomoka korongoni taratibu, vyuma vikilia, vumbi likitimka. Mngurumo unaosikika lori likianguka aliutumia tena 1975 katika filamu yake "Jaws", papa anapozama.